Picha Isiyokuwa na Chenga

Haya, wekeni simu chini kidogo. Sijasema mzizime, nimesema mziweke chini. Mimi ni Gaudensia, ambaye mtaa mzima wa Majengo walikuwa wananiita Fundi Gaude, na kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano nimetengeneza redio na televisheni hapahapa Sumbawanga. Leo macho yangu hayaoni tundu la sindano, sembuse mguu wa transista. Fundi akistaafu haagwi kwa sherehe wala kwa barua. Siku moja unajiunguza kidole mara tatu kabla hata ya saa nne, unachomoa chuma cha kuchomelea kwenye umeme, unajua basi, imetosha.

Mnaniuliza analojia ni nini na dijitali ni nini kwa sababu mmeyakuta kwenye daftari la shule. Mmeyaandika, mmeyakariri, mtihani ukaisha mkayasahau. Mwenzenu yalinikuta juu ya paa la bati, upepo wa mwezi wa saba unanipeperusha kitenge, na chini ya bati hilo yumo mzee niliyempenda kama baba yangu, ameapa kwamba tukishindwa kazi ile anafunga duka. Kwa hiyo mimi siwezi kuyasahau hata mnipige.

Mzee huyo ni Fundi Kasian. Tuanze naye, maana bila yeye mimi ningekuwa bado nauza maandazi.

Na kweli nilikuwa nauza maandazi, mbele ya duka lake. Chumba kimoja, dirisha la mbao, meza imejaa redio zimefunuliwa matumbo. Miaka ile ya mwanzo vipuri havikuwepo kabisa. Ukitaka kumponya mgonjwa mmoja unamchinja mwingine, unatoa figo hapa unaweka pale. Mimi nimekaa na sinia langu nasikia kila kitu kinachoendelea mle ndani, na siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Fundi shikamoo, hiyo redio inakoroma unapozungusha sauti tu. Ukiacha kuzungusha haikoromi."

Akanitazama juu ya miwani. "Marahaba. Kwa hiyo ugonjwa uko wapi?"

"Uko kwenye hicho kitasa unachozungusha."

Akafungua kitasa, akatoa vumbi la kutosha kupanda mchicha, akapulizia dawa, akawasha. Hakuna mkoromo, sauti safi kabisa. Kesho yake akaniambia niache sinia nyumbani. Watu walisema sana, mwanamke na bisibisi wapi na wapi, wengine wakasema mengine ambayo siwaambii nyie watoto. Kasian alikuwa anawajibu kwa Kifipa, maneno mafupi, na walikuwa wanaondoka haraka.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kusikiliza. Redio ya betri ikija bubu, nasisitiza ya betri, msije mkaniulia mtu, iwashe, fungua sauti nusu, shika bisibisi kidole kikigusa chuma chake, gusa ule mguu wa katikati wa kitasa cha sauti. Ukisikia mvumo, mmmmm, ujue kuanzia pale kwenda mbele mpaka kwenye spika hakuna ugonjwa, ugonjwa uko nyuma. Usiposikia kitu, ugonjwa uko mbele. Kwa bisibisi moja umeshaigawa redio nzima vipande viwili, na hujatumia kifaa chochote cha Mzungu. Na huo mvumo unatoka wapi? Unatoka kwako. Mwili wako unadaka umeme wa nyaya za nyumba, redio inausikia, inaupiga kelele.

Kisha akachukua mkono wangu akauweka kwenye karatasi ya spika, mtu anasoma taarifa ya habari. Nikasikia yule mtu anatetemeka viganjani mwangu. Kasian akasema, "Umeona? Yeye kule studio anasukuma hewa kwa mdomo. Maikrofoni inageuza ule msukumo kuwa umeme unaopanda na kushuka vilevile. Akinong'ona, unapanda kidogo. Akipayuka, unapanda sana. Haurukiruki, unateleza tu juu na chini, unamfuata nyayo kwa nyayo, mpaka hapa unapomshika." Basi, wajukuu zangu, hiyo ndiyo analojia. Nilielezwa kwa dakika mbili na sijawahi kuhitaji maelezo mengine.

Ubaya wake nilikuja kuujua kwa aibu. Kwaya ya kigango chetu ilikuwa imerekodi kanda, na kila nyumba ikataka nakala. Mimi, mwerevu sana, kanda halisi niliogopa kuichosha, nikawa nadurufu nakala kutoka kwenye nakala, na nakala ya nakala kutoka kwenye hiyo. Wiki ya tatu akaingia Mama Sesilia, mwenye mgahawa na ukumbi wa video pale Majengo, mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kwanza ya kwaya. Akaweka kanda mezani.

"Gaude, hebu piga hii. Halafu uniambie, huyo ni mimi au ni mbuzi?"

Nikapiga. Jamani! Kulikuwa na mvua inanyesha juu ya bati mwanzo mpaka mwisho, besi imetoroka, na ndani kabisa ya mvua hiyo kulikuwa na mbu mmoja anamsifu Mungu. Kasian alicheka mpaka akavua miwani. Kila nakala ilikuwa imeongeza uchafu wake kidogo, na ile mashine haijui kipi ni wimbo na kipi ni uchafu, vyote kwake ni umeme unaopanda na kushuka, inavibeba vyote kwa heshima sawa.

Sasa sikilizeni tofauti, maana hapa ndipo walimu wenu wanapowachosha. Chukueni watu kumi wajipange kutoka hapa mpaka kanisani. Wa kwanza amwimbie wa pili wimbo kwa kuguna tu, wa pili amgunie wa tatu, hivyohivyo. Ukifika kwa wa kumi wimbo wa Krismasi umekuwa wa msibani. Hiyo ndiyo kanda yangu. Lakini wa kwanza akisema, "Kitabu cha nyimbo, namba mia moja na nne," wa pili akasema mia moja na nne, hata wa tano awe na mafua, hata wa saba awe na kigugumizi, wa kumi atafungua ukurasa uleule na kuimba wimbo uleule. Hiyo ndiyo dijitali. Sauti inapimwa mara nyingi sana kwa sekunde, kila kipimo kinaandikwa namba, zinasafiri namba, na upande wa pili sauti inajengwa upya kutoka kwenye namba. Uchafu kidogo wa njiani hauibadilishi namba. Ila mafua yakizidi kabisa, wa kumi asisikie namba, haimbi vibaya. Haimbi chochote. Shikeni hapo.

Kasian dijitali hakuipenda hata kidogo. Soko huria lilipofunguka, maduka ya Majengo yakajaa vitu kutoka Tunduma mpaka vikamwagika barazani: redio kaseti zenye taa zinazocheza, saa za mkononi za namba, vikokotoo, na mita za kupimia umeme zenye kioo cha namba. Mimi nikaitamani hiyo mita. Yeye alikuwa na mita ya mshale, ya zamani, kioo kimepasuka kona, anaifunika kwa kitambaa kama kikombe cha padri. Kulikuwa na sababu ya mimi kutaka mpya: ile yake nilishawahi kuiua. Nilikuwa nimepima ukinzani wa waya, sikurudisha kitasa cha kuchagua kipimo, nikaichomeka kwenye soketi ya ukutani. Paa! Mshale ukaruka ukajikunja kwenye ukingo, moshi mwembamba ukatoka. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne akawa ameitengeneza mwenyewe, mshale kaunyoosha kwa kibano cha nyusi cha mke wake, akaniambia, "Kabla hujagusa, tazama kitasa. Kila mara. Hata ukiwa umekitazama sasa hivi." Andikeni hilo.

Nilipomletea mita ya namba akaigeuzageuza, akanirudishia. "Hii inanipa jibu," akasema, "lakini hainioneshi inavyofikiri." Na alikuwa na haki yake. Ukipima kapasita, kile kipuri kinachotunza umeme, kwa mita ya mshale, unaona mshale unaruka juu, halafu unarudi taratibu, unajua kapasita inashiba. Kwa mita ya namba unaona tarakimu zinakimbiakimbia tu hujui zinakimbizwa na nani. Mpaka nastaafu nilikuwa na zote mbili mezani.

Lakini mzee alianza kunyong'onyea. Vitu vipya vikija anavifungua, anakuta kipande kimoja cheusi chenye miguu mingi, chipu mnayoisema nyie, hakuna cha kusikiliza, hakuna cha kugusa. Anakifunga. Wateja wawili watatu wakaanza kutupita kwenda Mbeya. Jioni moja ya Jumamosi akaniambia, bila hata kuinua macho, kwamba kaka yake ana shamba la ulezi kule Msanzi, na jembe yeye mwenyewe ameshanunua. "Hii kazi ya kesho kwa Mama Sesilia ndiyo ya mwisho. Tukiiweza, sawa, tutaona. Ikitushinda, nafunga duka, nakwenda kulima. Nimezeeka pamoja na redio zangu, Gaude, siyo dhambi."

Nilishtuka mpaka nikamwaga risasi ya kuchomelea mezani. Nilimpenda yule mzee, huo ni ukweli wa kwanza. Ukweli wa pili ni kwamba bila yeye kukaa pale pembeni na miwani yake, hakuna mtu Majengo ambaye angenikabidhi mimi redio yake. Duka likifungwa, narudi kwenye sinia.

Na kazi yenyewe ilikuwa hii. Mama Sesilia alikuwa na dishi kubwa juu ya paa la ukumbi wake, lile la wavu, pana kama kihenge. Stesheni waliyoizoea watu ikatangaza kwamba inaacha mawimbi ya zamani inahamia dijitali, na tena kwenye satelaiti nyingine. Akaagiza risiva ya dijitali, king'amuzi mnachosema nyie, kutoka Dar, ikaja imeshawekwa namba zote za stesheni ile. Kilichobaki ni kuligeuza dishi mpaka liitazame satelaiti mpya. Akasema, "Jumapili saa kumi watu wanakuja kuangalia mpira, na nimeshawatangazia. Ikifika saa kumi hakuna picha, nampigia fundi wa Mbeya, na msinune."

Kugeuza dishi ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote! Enzi zile za chenga, mnajua chenga? Vile vidoti vyeupe vinavyochemka kwenye kioo, shhhhh, kama chumvi inarushwarushwa. Mtindo wetu ulikuwa huu: mimi juu, nashika dishi, naligeuza polepole bila kusimama. Kasian chini mbele ya kioo anapiga kelele. "Chenga!" Nageuza. "Chenga tupu!" Nageuza. "Zinapungua! Namuona mtu! Ana kichwa! Umepita, rudi, rudi!" Narudi kidogo, naenda kidogo, mpaka chenga zinakwisha. Mkono hausimami, macho ya mwenzako ndiyo usukani. Tulikuwa tunalimaliza dishi kwa nusu saa, chai haijapoa.

Jumapili hiyo tukatoka misa ya kwanza, saa mbili na nusu niko juu ya bati, suruali ya kaka yangu ndani ya kitenge. Nikaanza kugeuza.

"Vipi?" nikapiga kelele.

"Hakuna kitu!"

"Chenga?"

"Hata chenga hamna! Kweusi tii!"

Nikageuza. Nikageuza kulia mpaka mwisho, nikageuza kushoto mpaka mwisho. Nikainua kidogo, nikashusha kidogo. Kila nikiuliza ni kweusi tii. Saa nne. Saa tano. Upepo unanipiga mpaka machozi, na wale wa chini wanadhani nalia. Mle ukumbini alikuwemo pia Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Ilemba, kule bondeni, na ng'ombe wake, kapanda kuja mjini kutazama huo mpira. Kila baada ya muda anachungulia nje, ananiuliza kwa upole mkubwa, "Mama, bado?" Upole wake ulikuwa unaniudhi kuliko matusi.

Saa sita nikashuka. Mama Sesilia alikuwa ametupikia ugali wa ulezi na dagaa, na pamoja na hasira zake zote hakuwa mtu wa kumnyima fundi chakula. Nimenawa mikono, tonge la kwanza liko njiani kwenda mdomoni, nikasikia Fundi Kasian anapiga yowe ukumbini.

"Gaude! Picha! Picha, Gaude!"

Tulikimbia wote. Na kweli! Picha imetulia kwenye kioo, mwanamke anasoma habari, rangi zimeiva, hata uzi wa blauzi yake unauona. Hakuna chenga hata moja. Sijawahi kuona picha kama ile maishani mwangu. Masanja alivua kofia.

Sasa sikilizeni ujinga wa mazoea. Fundi wa analojia akipata picha anafanya nini? Anaisafisha. Lazima uguse kidogo, huku na huku, maana siku zote kuna nzuri zaidi. Mkono wangu ulikuwa umefundishwa hivyo miaka kumi. Nikapanda ngazi mbiombio na tonge mkononi, nikalisukuma dishi pembeni kidoogo, hivi.

"Kweusi!" akapiga kelele Kasian.

Nikarudisha. "Kweusi!" Nikaenda upande mwingine. "Kweusi tii!" Nikageuza, nikageuza, nikatafuta ile sehemu mpaka nikasahau ilikuwa wapi. Saa saba ikapita, saa nane ikaingia. Nikainama ukingoni mwa paa, nikachungulia kwenye dirisha la ukumbi, nikaona kitu kilichonikata maini: Fundi Kasian ameinama, anafuta bisibisi zake moja moja, anazipanga kwenye kitambaa, anakifunga. Ile funga ya mtu ambaye hatafungua kesho.

Nilikaa juu ya bati, jamani, nikalia kweli safari hii. Halafu nikiwa nalia nikajiuliza swali la kipumbavu. Masaa yote nageuza, hakuna kitu. Picha imekuja wakati mimi nanawa mikono. Kwa nini isije wakati nafanya kazi?

"Fundi!" nikaita. "Ile picha ilikuja wakati gani hasa?"

"Ulishashuka," akajibu bila kutazama juu.

"Ilikuja pale pale niliposhuka?"

"Hapana. Ulishuka, nikasikia ndoo, nikasikia mnaongea. Kwanza kweusi. Halafu ghafla, pa! Picha nzima."

"Bila chenga kwanza?"

"Bila chenga." Akasimama. Akatoka nje, akanitazama, miwani inang'aa kwa jua, na nikaona uso wake unabadilika. "Gaude," akasema polepole, "kile kidude kipya kinasoma. Hiki chetu cha zamani kinatupa chochote kinachopata, hata uchafu kinatupa. Kile hakitoi mpaka kiwe kimezisoma namba zake kikaridhika nazo. Sasa wewe mkono hausimami. Tangu asubuhi umeipita ile satelaiti mara ishirini, kila ukifika kinaanza kusoma, kabla hakijamaliza umeshaondoka!"

Nilipiga kelele ya furaha hata kabla hatujapata kitu. Amesema kweli! Tulikuwa tunakigunia wimbo kitu kinachosubiri namba.

"Kwa hiyo nasogeza kidogo, nasimama," nikasema. "Nasimama kwa muda gani?"

Hapo tukakwama, maana saa ya Kasian ilikuwa inakwenda ikipenda, na ya Mama Sesilia ilikuwa nyumbani kwake. Kasian akafikiri. "Salamu Maria moja," akasema. "Ya polepole, ya mama wa Jumuiya."

Mama Sesilia akafoka. "Kasian! Sala siyo ya kupimia madishi!"

"Basi wewe sali kweli," akamjibu, "na mimi nasali kweli, maana shida ninayo."

Mama Sesilia akamtazama, akakitazama kile kifurushi cha bisibisi, akatoa rozari mfukoni.

Nikachora alama kwenye nguzo ya dishi kwa mkaa, nikaanza upande wa kulia kabisa. Kila hatua unene wa punje moja ya ulezi, basi, halafu mikono juu, siligusi. Kupanda na kushuka sikugusa kabisa, maana tangu picha ipotee nilikuwa nimesukuma pembeni tu. Chini wanasali. "Amina! Bado!" Punje moja. "Amina! Bado!" Punje nyingine. Watu wa mpira wakaanza kufika kabla ya wakati, wakakuta ukumbi wa video unasali rozari, wakavua kofia, wakajiunga. Masanja hakuwa Mkatoliki, na hakutaka kukaa bure. Nikamsikia anataja kwa Kisukuma kitu kirefu, nikauliza baadaye, kumbe alikuwa anataja ng'ombe wake kwa majina, mmoja kwa kila Salamu Maria, na alikuwa na ng'ombe wa kutosha.

Kumi la kwanza la rozari likaisha. La pili likaisha. Nikiitazama barabara naona watu wanazidi kuja, na najua saa kumi haiko mbali. Kumi la tatu, sala ya nne, wamefika kwenye "utuombee sisi wakosefu," sala ikakatika katikati.

Halafu bati lote likatetemeka chini yangu kwa kelele. Watu wanaruka, Mama Sesilia anaimba ile sauti yake ya kwanza, safari hii si mbuzi, na juu ya zote sauti ya Kasian: "Usiguse! Gaude, kwa jina la Mungu, usiguse!"

"Sigusi!" nikajibu. "Ila lazima nikaze nati, upepo huu!"

Nikakaza nati ya kwanza bila kuvuta pumzi. Ya pili nilipoikaza, dishi likavutika kidogo, chini nikasikia "aaah!" Picha ilikuwa imekatikakatika vipande vya mraba, yule mtangazaji kidevu kimehamia kwenye paji la uso, kisha akaganda. Nikalegeza robo, nikasubiri Salamu Maria yangu mwenyewe, vipande vikarudi mahali pake. Hivyo ndivyo dijitali inavyougua, wajukuu. Analojia inaugua kidogo kidogo, inakupa onyo. Hii ni nzima, nzima, nzima, halafu vipande, halafu kweusi. Ukiona vipande, ujue uko ukingoni, usiseme itakaa.

Mpira waliutazama. Sijui nani alishinda, nilikuwa nalala nimeketi. Nilipoamka Fundi Kasian alikuwa ameshaondoka na kifurushi chake cha bisibisi, hakuniaga, hakusema lolote kuhusu duka wala kuhusu Msanzi. Alisema tukiiweza tutaona. Kuona ni kuona nini? Nilirudi nyumbani na furaha nusu.

Jumatatu nikaenda dukani mapema kuliko siku zote. Dirisha la mbao lilikuwa wazi. Kasian amekaa kwenye kigoda chake, kitambaa kimefunguliwa, bisibisi zote zimerudi kwenye misumari yake ukutani, na mbele yake mezani ameweka risiva ya pili, ya akiba, ambayo Mama Sesilia aliletewa kutoka Dar ikiwa imekufa, imefunuliwa, na pembeni yake bakuli la maharage mabichi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umechelewa." Akasogeza kigoda cha pili. "Jana nimeona kinasoma. Sasa nataka kujua kinasoma nini."

Nikakaa. Nikamchorea kwa chaki vyumba vinne mezani, kama nilivyowahi kusoma kwenye kitabu kimoja cha ufundi. Nikamwambia kidude kile hakijui namba kama zetu, kinajua mambo mawili tu, umeme upo au umeme haupo. Harage lipo chumbani, harage halipo. Chumba cha mwisho kulia harage lake lina thamani ya moja, kinachofuata mbili, kinachofuata nne, cha kushoto kabisa nane. Akachukua harage, akaweka kwenye nane, akaweka kwenye nne, akaruka chumba, akaweka kwenye moja. Akahesabu kwa vidole.

"Kumi na tatu?"

"Kumi na tatu, Fundi."

Akavijaza vyumba vyote vinne. "Kumi na tano! Kwa maharage manne?" Akacheka, kicheko cha mtoto, akapiga meza mpaka maharage yakaruka, na mimi nilicheka mpaka nikalia. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata katika kazi ile. Akaniambia niongeze vyumba vingine vinne, tufike mbali zaidi.

Wateja watatu walikuja asubuhi ile na redio zao mikononi, na mmoja wao alikuwa ametoka mbali kwa baiskeli. Wote aliwarudisha mlangoni bila kuondoa macho kwenye maharage.

"Njooni mchana," alikuwa anawaambia. "Niko shule."